Nzige Kabla ya Treni

Tulikaa Igogo, juu kabisa, pale njia inapokata tamaa
na mawe yanaanza kujipangia mji wao.
Ukuta wetu wa nyuma ulikuwa jabali.
Upande wa pili wa jabali waliishi wake wenza wawili
wa marehemu Lutonja, ambaye mimi sikumkuta,
aliyewaachia vyumba viwili, mbuzi asiye na maziwa,
na ubishi.

Viberiti vilikuwa adimu.
Alfajiri mama alinituma na kigae, nikaombe kaa la moto.
"Mwangaluka, mayu."
Kaa lilikuwa tayari, ila halikutoka bure:
kwanza niketi.

Bibi Nkwimba, mke mkubwa, ndewe za masikio
zimetanuka hata ungepitisha kidole gumba:
"Nzige walikuja kabla ya treni.
Walishuka mchana, jua likafunikwa kama chungu.
Tuliwala wao, maana walishatula sisi,
tukala mpaka mate yakawa machungu.
Baba akauza ng'ombe wa mwisho. Ndipo nikaolewa.
Ndipo mwaka wa pili chuma kikalia kule bondeni,
na wanaume wazima wakakimbilia mapangoni
wakidhani ni kiboko wa Wazungu."

"Uongo." Bibi Nyanzobe hakugeuka hata,
alikuwa anachagua dagaa, mchanga huku, dagaa huku.
"Treni kwanza. Mimi nilishuka meli kutoka Ukerewe,
kinu changu kichwani,
nikaikuta imelala stesheni kama chatu aliyeshiba.
Nzige walinikuta nina mimba ya Mbula.
Mimba haidanganyi."

"Mimba imedanganya wangapi!"

Na kaa langu linageuka jivu kwenye kigae,
nalazimika kuomba jingine.

Sisi watoto tuligawana.
Kaka yangu Ng'wandu alikuwa mtu wa treni.
Mimi nilikuwa wa nzige, sitaficha sababu:
Nkwimba alikuwa na michembe kwenye pindo la kitenge.
Tulipeleka kesi kwa mwalimu wa historia.
Akasema hilo halitoki kwenye mtihani.

Kuhusu furu tu hawakubishana.
Zamani, walisema, ukichota maji ya kunywa
unachota na samaki, wadogo kama kidole cha mtoto,
wa rangi zote za khanga dukani.
Hapo mmoja alianza sentensi na mwenzake akaimaliza,
kisha wakakaa kimya, wakilitazama ziwa
kama mtu aliyekopa akahama.

Nkwimba alikufa mwaka wa foleni ya sukari.
Msibani tulikunywa chai ya chumvi.
Jeneza lilishushwa kati ya mawe kwa kupokezana,
mkono kwa mkono, kwa sababu njia haikuwa na upana
wa watu wanne na maiti.
Mijusi kafiri, vichwa vyekundu, walitikisa vichwa
kama kawaida yao, wakikubali kila kitu.

Baada ya arobaini nikatumwa tena na kigae.
Nyanzobe alikuwa ametoa vigoda viwili.
Nikaketi kwenye kile kisichokuwa changu.
Akachochea moto kwa muda mrefu, halafu:

"Nzige walikuja kabla ya treni.
Walishuka mchana, jua likafunikwa kama chungu."

Yote. Mpaka mate machungu. Mpaka ng'ombe wa mwisho.

"Bibi, si ulisema treni kwanza?"

Ndipo akageuka. Macho yake yalikuwa na ukungu wa bluu,
kama maji ya asubuhi upande wa Kirumba.
"Sasa nani atamsemea?"

Jabali lile limepasuliwa, limekuwa kokoto za watu.
Mwaka jana nilisimama pale na binti yangu,
akaniuliza hapa kulikuwa na nini.
Nikamwambia: treni ilifika kwanza, nzige baadaye.

Kisha nikanyamaza kidogo,
nikisubiri mtu abishe.